Diski ya Sengerema

Justa Masele aliichomeka diski saa mbili na nusu asubuhi, kama alivyofanya kila Jumatatu, akasubiri. Taa ya kijani ikawaka. Ndani ya kiboksi kile cheusi, kisichozidi ukubwa wa kitabu cha sala, kitu kikaanza kuzunguka. Mvumo ukapanda, ukapanda, kisha ukalegea. Tik. Ukapanda tena. Tik, tik. Halafu kimya, taa ikiwa bado inawaka. Kioo cha laptopu kikaandika kwamba hakuna diski iliyoonekana.

Akachomoa, akachomeka upya. Ikawa vilevile.

Hakushtuka. Tangu Januari hakuna kitu kilichokuwa kimemshtua. Alivuta karatasi, akaandika tarehe, 11 Mei 1998, akaandika na saa, na chini yake: "Taa inawaka. Inajaribu kuzunguka. Inashindwa." Kisha akainuka kwenda kumwambia daktari.

Ofisi yao ilikuwa vyumba vitatu vya ghorofani huko Mirongo, Mwanza, juu ya duka la matairi. Mradi wao ulifuatilia afya za watoto wa chini ya miaka mitano katika vijiji thelathini na kimoja vya Sengerema, ng'ambo ya ghuba. Wadodosaji walipita nyumba kwa nyumba na fomu, wakiuliza nani anaumwa, nani amepona, nani amefariki, nani analala ndani ya chandarua. Fomu nyingine ziliingizwa kwenye kompyuta kubwa iliyokuwa Sengerema mjini, nyingine zililetwa Mwanza na kivuko, na hizo aliziingiza Justa. Kompyuta hizo mbili hazikuwa na njia ya kupelekeana kitu, kwa hiyo diski ndiyo iliyovuka maji kila wiki, imeviringishwa kwenye kanga ndani ya mkoba wa Ndalahwa, msimamizi wa wadodosaji. Fomu ziliingizwa moja kwa moja kwenye diski hiyo, kwa hiyo kila walichokuwa nacho kilikuwa humo.

Mkuu wa mradi alikuwa Daktari Chenge, mtu mnene aliyezungumza kwa sauti ya chini kama anayeogopa kuamsha mtu. Alikuja, akainama juu ya meza ya Justa, akasikiliza ile tik.

"Nakala tunazo?"

"Za mpaka Novemba, Daktari. Ziko kwenye disketi, kabatini."

"Na baada ya Novemba?"

"Disketi ziliisha. Niliandika maombi mara mbili."

Maombi yote mawili yalikuwa bado mezani kwa Daktari. Akauliza kuhusu fomu zenyewe, ingawa alijua. Stoo ya Sengerema, zilikorudishwa zote baada ya kuingizwa, ilivuja katika mvua zile kubwa, masanduku yakakaa ndani ya maji wiki mbili kabla mtu hajafungua mlango. Fomu zilikuwa zimegandana, ukijaribu kutenga mbili unapata vipande vya kumi.

"Tutamwita fundi," alisema Daktari Chenge.

Fundi wa kompyuta alikuja kesho yake, Jumanne. Aliiweka diski sikioni, akaitikisa kidogo, akaichomeka, akasikia tik.

"Hii imekufa," alisema. "Huo mlio ni wa kichwa cha kusomea kinachogonga. Hapa Mwanza hakuna wa kuifungua. Labda Nairobi, na hata huko sikuhakikishii."

Fundi alipoondoka, Daktari Chenge alikaa kwenye kiti cha wageni, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo.

"Jumamosi naruka kwenda Dar na ripoti," alisema. "Tutafanya hivi, Dada Justa. Tutaripoti mpaka Novemba. Tutaeleza kwamba miezi mitano imepotea kwa sababu za kiufundi. Watatuelewa."

"Hapana," alisema Justa.

Sauti haikuwa kali. Aliitoa kama mtu anayekataa sukari kwenye chai. Lakini alikuwa hajawahi kumwambia Daktari hapana.

"Mvua zilianza Novemba, Daktari. Tukiishia hapo, mvua zote zimebaki nje."

"Najua. Lakini utafanyaje?"

"Nipe mpaka Ijumaa."

Daktari akampa.

Justa alikuwa na miaka thelathini na tatu. Kabla ya mradi alichapa barua miaka tisa kwenye ofisi za chama cha wakulima wa pamba, akianza na mashine nzito iliyomvimbisha vidole. Wanunuzi binafsi waliporuhusiwa kuingia kwenye pamba, chama kikaanza kupunguza watu. Mwaka 1994 mkuu wake alimpa orodha ya majina sitini na manne, achape barua sitini na nne za kuachishwa kazi. Jina lake lilikuwa la arobaini. Aliichapa ya arobaini, akaenda ya arobaini na moja, akamaliza zote kabla ya saa tisa, akapanga bahasha. Watu wa ofisi ile walilisimulia jambo hilo kwa muda mrefu, wengine wakisema ana moyo mgumu. Yeye alisema tu kwamba kazi ilikuwa ya leo.

Baada ya hapo alisoma kompyuta miezi mitatu kwenye chumba kimoja nyuma ya kanisa, akaajiriwa na mradi. Mumewe, Elias, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, akifundisha sayansi darasa la sita na la saba. Walipanga nyumba ya vyumba viwili Mkolani. Walikuwa na mtoto mmoja, Queen, waliyempata baada ya kungoja miaka saba.

Septemba ya mwaka 1997 binti aliyekuwa akimlea Queen aliolewa, na hawakupata mwingine. Elias akampeleka mtoto kwa mama yake, kijijini, ndani ya Sengerema, mpaka watakapopata mtu. Kila mwisho wa mwezi Justa alivuka kwenda kumwona. Desemba hakuvuka kwa sababu barabara ya kijijini ilikuwa imekatwa na maji. Januari, Alhamisi moja, mtu alifika ofisini na ujumbe uliokuwa umetembea siku mbili. Justa na Elias walipanda kivuko cha mchana, wakatembea kilomita kumi na moja kwenye tope, wakafika jioni. Queen alikuwa ameshazikwa tangu jana yake. Hakuna aliyefanya kosa. Homa ilikuwa ya siku tatu, zahanati ilikuwa upande wa pili wa mto uliojaa, na maiti ya mtoto haikuweza kungoja zaidi. Bibi yake alipiga magoti mbele ya Justa. Justa alimwinua, akamwambia, "Mama, usikae kwenye tope."

Hakulia msibani. Watu walimtazama wakimngojea alie, na kadiri walivyomtazama ndivyo alivyozidi kuhisi kwamba yeye ni mgeni aliyekuja kumzika mtoto wa mtu mwingine. Elias alilia kwa sauti mpaka akakaukiwa.

Alirudi kazini baada ya wiki mbili. Ofisini walikuwa wakimwita Mama Queen. Taratibu, mmoja baada ya mwingine, wakaanza kumwita Dada Justa, kama watu waliokubaliana kikaoni.

Mwezi wa pili, katikati ya rundo la fomu zilizoletwa na kivuko, alifika kwenye fomu ya kijiji namba 17, nyumba namba 52. Fomu hazikuwa na majina, ni namba tu. Mtoto: wa kike. Umri: miezi 38. Hali: 2, maana yake amefariki. Sababu iliyotajwa: homa, degedege. Siku za kuugua: 3. Chandarua: 0. Aliyejibu maswali: bibi. Na kwenye nafasi ya maelezo, kwa mwandiko mzuri wa Ndalahwa: "Mama ni mtumishi, Mwanza."

Ndalahwa hakujua ameandika kuhusu nani. Hakuwahi kufika nyumbani kwa Justa, wala hakumjua mama mkwe wake.

Justa aliingiza fomu ile. Aliisoma mara ya pili kuhakiki, kama utaratibu ulivyotaka. Kisha akaingiza ya nyumba namba 53, ambako watoto wawili walikuwa wazima. Hakumwambia mtu, hata Elias. Siyo kwamba alificha. Alipofika nyumbani alikuta hana la kusema juu yake.

Sasa, Jumatano asubuhi, alikuwa na laptopu, diski, na karatasi yake ya kumbukumbu. Alijiuliza swali moja: ni lini mara ya mwisho diski ilifanya kazi bila usumbufu? Akafungua daftari lake. Mei 4 na Aprili 27 ilikawia, ikapiga tik mara mbili kisha ikakubali. Wiki ya kabla yake, mara moja. Kabla ya hapo, hakuna. Kwa hiyo kitu kilibadilika katikati ya Aprili.

Katikati ya Aprili radi iliunguza adapta ya laptopu. Daktari Chenge alinunua nyingine mjini, akijali zaidi kwamba inaingia kwenye tundu. Ile iliyoungua ilikuwa bado kabatini. Justa akaiweka kando ya ile mpya, akazigeuza zote mbili, akasoma maandishi madogo ya chini, ambayo watu wengi huyaona kama pambo. Volti zilikuwa sawa. Namba iliyofuata haikuwa sawa: ya zamani iliandikwa ampea 3.5, mpya 1.5. Akaigeuza diski yenyewe. Volti 5, ampea 1.

Akazinakili zote, akarudi nazo nyumbani.

Yeye na Elias kwa miezi minne walikuwa wakizungumza kuhusu chumvi, maji na funguo tu. Walikula wakitazama sahani. Jioni ile Justa aliweka karatasi mezani, akasema, "Baba, nieleze ampea."

Elias alimtazama kwanza. Kisha akavuta gazeti, akachora ukingoni tangi la maji lililowekwa juu na bomba linaloshuka.

"Volti ni huku kusukuma. Tangi likiwa juu, maji yanasukumwa kwa nguvu. Ampea ni wingi wa maji yanayopita. Sasa bomba likiwa jembamba, ukifungua koki moja unaoga vizuri. Ukifungua koki tatu kwa pamoja?"

"Yanadondoka matone."

"Ehee. Hiyo diski inapata wapi umeme?"

"Kwenye laptopu. Kuna waya mnene unaoingia tundu la printa, huo ni wa kupeleka habari. Halafu kuna kijiwaya chembamba kinachoingia tundu la kibodi, nadhani hicho ndicho kinacholeta umeme."

"Basi laptopu yenyewe inakunywa, kioo kinakunywa, betri yake inachaji inakunywa, na diski inaomba. Na adapta ni ndogo."

"Betri ya laptopu imekufa. Inachaji siku nzima haijai."

"Hiyo ndiyo koki iliyoachwa wazi." Elias aliweka kalamu chini. "Itoe kesho. Lakini usijaribu mara nyingi, Justa. Kitu kinachozunguka ukikisimamisha kila mara katikati, kinaweza kuharibika kweli."

Walikuwa wamezungumza nusu saa. Kisha Elias akaenda kusahihisha madaftari, na Justa akaosha vyombo.

Alhamisi saa mbili aliitoa betri ya laptopu, akapunguza mwanga wa kioo mpaka maandishi yakawa hayasomeki ila ukisogeza pua. Akachomeka diski. Mvumo ukapanda, ukayumba, ukapanda tena. Kwenye kioo likatokea jina la diski, SENG, na chini yake mstari mmoja wa mafaili. Kisha tik, na vyote vikatoweka.

Aliandika kwenye karatasi: "Si mfu." Akachomoa kila kitu, akakifunga kwenye mkoba, akaenda kwa Mzee Ishwarlal.

Ishwarlal alikuwa na duka la vipuri vya redio kwenye mtaa wa nyuma ya soko, duka lililokuwa la babu yake wakati likiuza vitambaa. Alikuwa na miaka sabini na kidogo. Mkewe, Jasuben, alikaa kaunta akihudumia wateja, na yeye alikaa kwenye benchi la ndani, miwani miwili usoni, mmoja juu ya mwingine. Wakati wa chama cha pamba Justa alimletea redio ya ofisi mara kadhaa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Redio?"

"Hapana. Ni hii." Akamweleza yote, kuanzia radi. Ishwarlal alisikiliza bila kumkatiza, akapokea ile karatasi ya kumbukumbu akaisoma hadi mwisho.

"Nani kakufundisha kuandika hivi?"

"Hakuna."

"Watu wananiletea kitu, wananiambia hakifanyi kazi. Basi. Wewe umeniletea cheti cha hospitali."

Akaleta mita yake ya sindano. Alikwangua kidogo ganda la kile kijiwaya chembamba, akagusa kwa ncha za mita, akamwambia awashe. Sindano ikasimama kwenye tano. Diski ikaanza kuvuma, na sindano ikateremka: nne na nusu, nne na robo, nne na kidogo. Tik. Ikarudi kwenye tano, imetulia kana kwamba haikufanya lolote.

"Umeona?"

"Nimeona. Ikianza kuvuta, umeme unaanguka."

"Haijafa hii. Ina njaa tu. Inapewa uji, nayo inataka ugali." Aliigeuza diski, akapitisha kidole nyuma yake mpaka kwenye kizibo kidogo cha mpira ambacho Justa siku zote alidhani ni cha kufunika skrubu. Akakibandua kwa kucha. Chini yake kulikuwa na tundu la duara lenye sindano katikati. "Hapa ndipo pa kulishia. Ilitakiwa ije na adapta yake."

"Haikuja. Au ilibaki Ulaya."

"Tutaitengenezea. Lakini si kwa umeme wa ukutani, leo unapanda na kushuka tangu asubuhi. Nitatumia betri ya gari."

Alivuta chini ya benchi betri ya gari aliyoitumia kujaribia redio. Kwenye droo akachukua kidude cheusi chenye miguu mitatu, akaeleza kwamba kazi yake ni kupokea volti kumi na mbili na kutoa tano, na zile zinazobaki kinazitoa kama joto, kwa hiyo kinahitaji bati kubwa la kupoozea. Akatazama huku na huku.

"Jasu! Niletee mfuniko wa sufuria. Ule wa aluminiamu."

"Wa nini?" Jasuben aliuliza kutoka kaunta.

"Wa kompyuta."

Jasuben alisema maneno marefu ya Kigujarati, lakini mfuniko ukaja. Ishwarlal akautoboa, akafunga kile kidude kwa skrubu.

Kabla ya kulehemu waya wa mwisho alisimama. Kwenye kibandiko cha chini ya diski palikuwa na mchoro wa kuonyesha chanya iko ndani au nje ya tundu, lakini safari za kivukoni zilikuwa zimeufuta.

"Tukikosea hapa," alisema, "itakufa kwelikweli."

"Tutajuaje?"

"Hasi siku zote inashikana na mwili wa chuma." Alibadilisha mita, akagusa ncha moja kwenye chuma cha ule waya wa printa, nyingine kwenye ukingo wa tundu. Sindano ya mita ikaruka hadi mwisho. Akagusa sindano ya katikati ya tundu. Mita haikufika hata nusu. "Nje hasi, ndani chanya. Rudia wewe."

Justa akarudia. Ikawa vilevile.

Ishwarlal akarudi kwenye kulehemu. Moshi mwembamba ulipanda mbele ya miwani yake.

"Ndani kuna nini, kwani?"

"Watoto."

"Wangapi?"

"Mistari elfu tisa na mia nane. Watoto wa Sengerema."

"Wazima?"

"Wengi wazima."

Akapuliza lehemu ipoe. Justa alikuwa anatazama mfuniko wa sufuria, mahali ambapo moshi wa mkaa ulikuwa umeacha duara jeusi.

"Na wangu yumo," alisema.

Hakuwa amepanga kusema. Ilitoka kwa sauti ileile ya kueleza ampea. Mzee aliinua uso, akaitoa miwani ya juu, akabaki na mmoja. Hakuuliza yuko upande gani wa hesabu. Alirudisha miwani.

"Jasu," aliita, "chai. Mbili."

Walikunywa chai huku lehemu ikipoa. Ishwarlal hakuichomeka diski moja kwa moja. Kwanza aliunganisha balbu tatu za tochi kwenye waya wake, akazitazama dakika tano nzima huku mita ikisoma tano bila kuyumba. Mfuniko ulipata joto la kikombe cha chai. Akazitoa balbu. "Sasa wewe."

Justa alisukuma waya kwenye tundu la nyuma ya diski. Mvumo ukaanza. Ukapanda, ukapanda, ukafika juu ukabaki hapo, laini, bila kutikisika. Akawasha laptopu. SENG likatokea, na chini yake mafaili yote, mwezi kwa mwezi, mpaka Aprili.

"Sasa inapumua," alisema Ishwarlal.

Justa aliamuru mafaili yote yaanze kunakiliwa. Yalikuwa yamefika katikati umeme wa mtaa mzima ukakatika. Laptopu, isiyo na betri, ikazimika papo hapo. Diski ikaendelea kuzunguka pale juu ya benchi kwa betri ya gari. Justa aliichomoa taratibu, akakaa kwenye stuli akasubiri. Jasuben alimletea chapati mbili, akazila zote, kisha akasahau kwamba amekula. Umeme ulirudi saa nane na robo. Akaanza upya. Dakika kumi na mbili baadaye mafaili yote yalikuwa ndani ya laptopu. Halafu akayagawanya kwenye disketi ishirini na mbili alizonunua njiani kwa pesa yake, Ishwarlal akizihesabu kwa sauti kila moja ilipotoka.

Alilinganisha idadi na daftari lake: mistari 9,846. Daftari lilisema 9,846. Alifungua fomu kadhaa za huku na huku kuona kama hazikuharibika. Vidole vyake vikaandika 17, vikaandika 52. Mstari ukaja. Miezi 38. 2. 3. 0. Alikuwa amedhani, tangu Jumanne pale alipomkatalia daktari, kwamba akiuona tena mstari huo, kitu fulani ndani yake kitafunguka. Alikaa akiutazama. Feni ya laptopu ilikuwa inazunguka. Mteja mmoja alikuwa anabishana na Jasuben kuhusu spika. Hakikufunguka kitu. Akafunga faili, akaanza kukunja waya.

Ijumaa asubuhi aliweka disketi zote mezani kwa Daktari Chenge, pamoja na diski na mfuniko wa sufuria ukining'inia kwenye waya zake. Daktari alisikiliza maelezo mpaka mwisho. Alitaka kujua kila hatua, hata zile balbu.

"Wewe na mzee wa redio," alisema. "Na yule fundi aliniambia Nairobi."

"Aliisikiliza tu, hakuipima."

Daktari alichukua disketi moja, akaitazama lebo yake: Januari. Akaishika muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Yeye ndiye aliyesaini likizo ya msiba ya Justa, na alijua mama mkwe wake anakaa wapi.

"Dada Justa," alianza.

"Abee, Daktari."

Akairudisha disketi mahali pake, akasema atasafiri nazo mkononi, hataziweka kwenye mzigo.

Ripoti ilienda ikiwa na miezi yote. Kwenye kurasa za mwisho palikuwa na mchoro wa vifo wenye nguzo kumi na mbili, moja kwa kila mwezi, na nguzo za Januari na Februari zilikuwa ndefu mara tatu kuliko za kawaida. Justa ndiye aliyeichapa nakala safi. Daktari Chenge alirudi kutoka Dar na adapta mbili za kweli na maboksi matatu ya disketi, na akaambiwa mradi utaongezewa mwaka mmoja, kwa ajili ya vijiji vilivyoumizwa zaidi na mvua. Cha 17 kilikuwemo. Ndalahwa alivuka na vyandarua vya kwanza mwezi Agosti. Justa aliingiza namba za vyandarua hivyo.

Watu wakaanza kumletea vitu. Printa isiyovuta karatasi, simu ya mezani inayokoroma, kompyuta ya parokia. Alikuwa anaanza kwa kugeuza kitu na kusoma maandishi ya chini. Siku nyingine alipita kwa Ishwarlal, wakakaa bila kuzungumza sana. Nyumbani, Elias alimuuliza maswali kuhusu vitu hivyo, na baadhi ya jioni walichora kwenye ukingo wa gazeti.

Mwezi wa Septemba, Jumamosi moja, alinunua sato sokoni Mkolani kwa mwanamke aliyemwambia wametoka ziwani asubuhi ile. Macho ya samaki yalikuwa yanang'aa, matamvua mekundu. Nyumbani, alipompasua, harufu ilimpiga usoni. Alifungua matamvua na kuona kwamba wekundu ule ulikuwa damu ya samaki mwingine iliyopakwa.

Alisimama na kisu mkononi. Kisha akaanza kupiga kelele. Alimtukana yule mwanamke, akalitukana soko, akautupa ubao wa kukatia ukutani. Alisema amechoka kudanganywa, amechoka, amechoka, mpaka neno likawa halina mwisho. Jirani alichungulia mlangoni, akarudi. Elias alitoka chumbani na kalamu nyekundu ya kusahihishia, akamkuta mkewe ameshika samaki kwa mkia, uso umelowa.

"Kapaka damu!" Justa alisema. "Njoo uone! Kanitazama machoni akaniambia wa leo!"

Elias alisogea, akanusa, akakunja uso.

"Huyu ni wa Jumatano," alisema.

"Namrudishia. Namrudishia sasa hivi, na atanisikia."

"Ngoja nivae viatu," alisema Elias.

Wakatoka wote wawili, Justa mbele, samaki kwenye mfuko wa nailoni, wakapanda njia ya sokoni.